Treni ya Mzee Ridha Iliyogoma Kurudi Nyuma

Jumamosi, tarehe 8 Julai 1995. Voi iliamka na baridi ambayo si kawaida yake. Mawingu yalikuwa yameifunika milima ya Taita, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri.

Fundi Nzau alifika mapema kwa Mzee Ridha na bisibisi zake. Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu, na alichokipenda kuliko vyote nyumbani ni treni ndogo ya umeme, ya chuma, aliyoachiwa zamani na mhandisi mmoja Mjerumani. Tangu Jumanne ilikuwa ikienda mbele tu. Ukibonyeza swichi irudi nyuma, inanguruma na kubaki palepale.

Jumatano Nzau aliitazama bila kuifungua, akasema kwa uhakika kwamba imeangushwa. Akamtaja Safaa, mke wa mwana wa mzee, kwa kuwa ndiye aliyeigusa mwisho alipokuwa akifagia. Safaa alikana. Mzee akamtolea maneno ambayo baba hamwambii mkaza mwana wake. Sasa begi la Safaa lilikuwa mlangoni. Alikuwa akingoja basi la kwao Taveta, na hakusema atarudi lini.

Nzau alifungua skrubu nne, akainua kifuniko. Kigurudumu kidogo kinachogeuza mwendo kilikuwa kimenaswa katika kitu cheupe kama samli. Akakigusa, akanusa kidole. Nazi.

Akakumbuka. Mwezi wa Machi, jua likichoma, alikuja kuilainisha treni hiyohiyo, kumbe mafuta ya cherehani yamemwishia. Aliona haya kusema. Dirishani palikuwa na chupa ya mafuta ya nywele ya Bi Mwanamvita, mke wa mzee, akadondosha matone matatu. Wakati ule yalikuwa maji. Baridi ya juma hili ilikuwa imeyagandisha.

Masikio yalimchoma. Aliomba kimoyomoyo, akijua kwamba anaomba njia ya kuponyoka, na sala yenyewe ikamtia aibu. Akaosha kigurudumu kwa mafuta ya taa, akafunga. Treni ikaenda mbele, ikasimama, ikarudi nyuma bila kusita. Bi Mwanamvita akasema fundi ana mkono wa baraka.

"Basi," Mzee akamgeukia Safaa, "usiiguse tena."

Safaa akainama kuchukua begi.

"Hakuiangusha," Nzau alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. Akaeleza yote, mpaka chupa ya dirishani.

"Yaani umeipaka treni mafuta yangu ya nywele," Bi Mwanamvita alisema. "Si ungeisuka kabisa." Hakuna aliyecheka.

Mzee alimwomba mkaza mwana wake radhi, macho yake yako sakafuni. Safaa hakuliachia begi. Alikuwa akimtazama Nzau.

"Na kesho je, fundi? Kingine kikiharibika, utamtaja nani?"

Nzau akavua kofia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu watatu, sitamtaja mtu tena kwa kitu ambacho sijakifungua. Tena, dada, nilikusema hata kwenye darasa la watu wazima ninalosoma jioni, watu wakacheka. Jumatatu nitasimama mbele ya darasa zima niwaambie kuwa ni mimi."