Pini ya Kutolea Funza

Kijijini Nyanungu, mtoto akianza kuchechemea hapelekwi zahanati, anapelekwa kwa Agustina. Mama huyo ana mkono, asikudanganye mtu. Ataiunguza pini yake kwenye moto, atakukalisha kigodani, na kabla hujamaliza kupiga kelele funza ametoka mzima na mfuko wake wa mayai. "Ukiacha mfuko ndani, umemkaribisha na ukoo wake," ndiyo kauli yake. Kwa funza, alikuwa anasema kweli tupu.

Shida ni kwamba chunusi si funza, na hilo hakuna aliyemwambia.

Binti yake wa kwanza, Judith, alipofikisha miaka kumi na minne uso ulimjaa chunusi. Agustina akafanya anachokijua. Kila Jumapili wakitoka kanisani: kigoda, moto, pini. Alifukua kila kipele mpaka kitoke kile alichokiita kiini, akasugua limau, akapuliza. Mtoto akilia anaambiwa, "Vumilia, nakutengeneza." Miaka mitatu, jamani! Chunusi zikaja nyingine, na zile za zamani zikaacha mashimo mashavuni, kama njia ya ng'ombe baada ya mvua.

Sasa Judith ana miaka ishirini. Amepata nafasi chuo cha uuguzi Musoma, anatakiwa kuripoti Jumatatu, na Jumatano alisema haendi.

"Siendi kusimama mbele ya watu na uso huu."

Alikuwa ameshapaka krimu ya kopo lisilo na jina, aliyoinunua Sirari. Ilimuunguza, ikamwachia madoa meusi juu ya mashimo. Agustina hakulala. Mtoto wa kwanza wa ukoo mzima kufika chuo, akwame kwa ajili ya mashavu? Alhamisi asubuhi wakapanda bodaboda mpaka Tarime mjini, kwa daktari wa ngozi anayekuja mara moja kwa mwezi.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, jina lake Godwin. Alimwamkia Agustina shikamoo, akamkalisha Judith karibu na dirisha, akamtazama uso kwa muda mrefu.

"Haya meusi ni madoa tu," akasema. "Yatafifia taratibu, miezi kadhaa, ukijikinga na jua na ukiachana na hiyo krimu. Hizi chunusi mbichi nitakupa dawa ya kupaka jioni. Lazima tuzitulize kwanza, la sivyo tutakuwa tunatibu makovu huku mengine yanakuja. Kazi ni haya mashimo. Hapo nyama ya ndani imeharibika, hakuna krimu ya kuirudisha. Mwanza kuna tiba, wanaichoma ngozi kwa sindano ndogondogo ili ijijenge upya. Yatapungua. Kuisha kabisa, nisikudanganye."

Aliposikia sindano, Agustina alikisogeza kiti chake nyuma.

"Chunusi kali inaweza kuacha kovu yenyewe," Godwin akaendelea. "Lakini hizi zimechimbwa. Kitundu cha ngozi kimeziba kwa mafuta, kimevimba. Ukikichokonoa unausukuma uchafu ndani na kuchana nyama. Nani alikuwa anachokonoa?"

Pini ilikuwa hapohapo, imechomekwa kwenye ukosi wa gauni la Agustina kama siku zote. Mwanamke huyu hamwogopi mtu, hata wanaume wa Nyanungu wanamjua. Leo akabaki anatazama sakafu.

"Mimi mwenyewe," Judith akajibu.

Basi akagombezwa! Muuguzi mtarajiwa mzima, anajichimba uso kama anatafuta dhahabu? Judith akainamisha kichwa, akapokea maneno yote yasiyo yake. Agustina akasikiliza mpaka mwisho, na hakufungua mdomo.

Njia nzima ya kurudi walibanana kwenye bodaboda moja.

Nyumbani walimkuta Veronika, mdogo wake Judith, mwenye miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekaa kigodani kando ya jiko, uso ameuinua juu. Kidevuni palikuwa na kipele kimoja chekundu.

"Mama, na mimi kimeniota," akasema kwa furaha. "Nimeshakuwashia moto."

Mazoea yana tabu. Mkono wa Agustina ulikwenda wenyewe kwenye ukosi. Judith akaudaka, akaukaza.

"Kwa daktari nimekuficha, mama. Kwa huyu sikufichi."

Agustina akaichomoa pini. Akaenda nayo nyuma ya nyumba mpaka chooni, akaitumbukiza shimoni. Aliporudi alisimama mbele ya binti yake, machozi yanamtoka waziwazi.

"Mimi ndiye niliyekuchimba, mwanangu."

"Najua, mama. Nilikuwepo."

Agustina akasubiri aambiwe yameisha. Hakuambiwa. Judith aliinama, akamnawisha Veronika uso kwa maji na sabuni, polepole, bila kusugua, kisha akaingia ndani na kuvuta begi lake uvunguni mwa kitanda.

"Jumatatu naondoka," akasema akiwa mlangoni. "Usimguse huyu mtoto mpaka nirudi."

"Sitamgusa," Agustina akajibu, mikono ameificha nyuma.