Kambi Mbili Nyumbani kwa Dada Mwanamize

Usiku wa kuamkia leo, ndotoni, nilijikuta nimeshaondoka. Garimoshi lilikuwa limeiacha Tabora zamani, nami na uzee wangu nimekumbatia begi, naenda kumwona dada yangu Mwanamize. Nikainuka kwenda msalani, nikafungua mlango, nikatokea nyumbani kwake. Sikushangaa. Nimesafiri sana.

Nyumba ya dada ilikuwa nchi. Ilikuwa na bendera, wimbo na mlango mmoja. Sebuleni lilikaa jeshi la taifa kubwa, jikoni jeshi la taifa kubwa jingine, na mataifa hayo hayasalimiani. Dada amesimama katikati, ukumbini, ana birika la maji na beseni. Amekonda kama ufagio.

"Dada, mbona hukai?"

"Nikae wapi, kaka? Wageni hawajala. Nitatiaje tonge mdomoni kabla yao?"

"Na wao wanangoja nini?"

"Hakuna anayekubali kunawishwa wa pili."

Pilau ilikuwa inangoja tangu mwaka juzi. Bado inafuka moshi.

Kifaru cha sebuleni kikageuza mzinga. "Sisi tulitangulia kufika," kikasema.

"Sisi tulileta zawadi kubwa," ikajibu rada, imekaa juu ya kinu jikoni. "Bandari."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Uvunguni mwa kitanda."

Nikachungulia. Ilikuwepo, meli inashusha makontena.

Nikaona niwasuluhishe. "Anayetoka safari ndiye hunawishwa kwanza," nikasema. "Nimefika sasa hivi."

Dada akaninawisha. Kifaru kikakohoa.

"Basi wewe ni jeshi la tatu. Una askari wangapi?"

"Mimi na magoti yangu. La kushoto halitii amri."

Kikanipigia saluti. Hapo hapo seng'enge ikaota kunizunguka, ikameza ukumbi mzima. Dada akajikuta nje ya mlango, mvua inamnyeshea, birika mkononi. Na ndani ugomvi ukaanza upya, maana sasa hakuna anayetaka kuwa wa tatu.

"Ahsante, kaka," akasema. "Palikuwa pamebaki hapo tu."

Iliniuma. Nikaruka seng'enge, suruali ikachanika, nikamrudisha ndani na kumnyang'anya birika.

"Kaa mkekani."

"Uninawishe wewe, mgeni? Watu watasemaje?"

"Waache waseme. Lete mikono."

Nikammiminia maji. Mwenye birika ndiye mwenyeji, kwa hiyo mwenyeji nikawa mimi, na dada akawa mgeni.

Rada ikashtuka. "Huyu naye jeshi la nani?"

"Haijulikani," kikanong'ona kifaru. "Mpisheni."

Wakampisha. Dada anakula polepole, sinia zima mbele yake, hamkaribishi mtu.

Mambo yakaishia hivi. Jeshi la sebuleni liko sebuleni, la jikoni liko jikoni, na wote hawajala. Bandari ilihamishiwa kabatini. Dada alibaki na mkeka wake, na hakuna anayeukanyaga bila kumwomba ruhusa. Mimi nilibaki nimesimama na birika, njaa inaniuma.

Nikaamka na njaa hiyo hiyo. Simu inalia. Ni Mwanamize, anapiga kutoka Tanga.

"Kaka, sijui nina nini leo. Vidole vinanukia pilau, na mchele ndani sina."

"Umekunywa chai?"

"Imenishinda. Nimeamka nimeshiba."