Darasa la Kupaka Bata Rangi

Kwa miaka thelathini na minne Bibi alifundisha hesabu, na hakupata kuona akili ikinolewa kwa kupaka bata rangi. Asubuhi hiyo aliketi mbele ya mratibu wa msaada shuleni, akalifungua daftari la mjukuu wake juu ya meza: kurasa kumi na tisa, bata kumi na tisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto ameondolewa darasa la hesabu kwa kosa gani?"

"Si kosa, ni msaada. Mtoto ambaye mama yake ni mgeni huwa anachelewa kidogo. Tunamwinua polepole."

"Mlimpima?"

Mratibu alifunua faili. Fomu ilikuwa imeuliza alikozaliwa mama na alikozaliwa baba; kuhusu anachokijua mtoto, haikuuliza neno. Bibi alicheka puani. Mkaza mwanawe alikuja na lugha yake, akajifunza ya hapa upesi kuliko mumewe alivyojifunza kufua soksi.

"Mtihani wa kuingia sekondari umebakiza wiki tano. Akifeli, bata hawa watamsomesha?"

"Ningependa kumrudisha, bibi. Lakini mradi wa msaada huu unadai watoto kumi na wawili. Akitoka, wanabaki kumi na mmoja, na wakaguzi wanakuja Ijumaa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa nimeelewa anayepona hapa ni nani."

Hakungoja ruhusa. Aliingia chumba cha pili, ambako watoto kumi na wawili walikuwa wakipaka manyoya, akashika chaki, akaandika maswali kumi ubaoni.

"Wekeni rangi chini. Dakika ishirini. Anayechungulia kwa jirani atanijua."

Alisahihisha akiwa amesimama, mratibu kando yake. Tisa walipata saba kwenda juu. Mjukuu wake alipata saba kamili, na Bibi alimtazama mratibu kana kwamba ndiye aliyezimeza zile alama tatu.

"Hawa tisa warudi darasani kwao leo. Andika, nangoja."

"Bibi, nibaki na watatu? Hilo nalo ni darasa?"

"Hao watatu ndio waliohitaji msaada tangu mwanzo, nanyi mkawapa bata."

Mratibu aliandika barua tisa. Bibi alizisoma zote, akarudisha mbili ziandikwe upya. Kengele ilipolia, watoto tisa walitoka na mifuko yao, mjukuu akiwa wa kwanza mlangoni. Mratibu alivuta kiti karibu na waliobaki, akauliza kwa sauti ndogo, "Swali la kwanza liliwashinda wapi?"

Bibi alimsikia, wala hakumsifu. Mtu hapongezwi kwa kuanza kazi aliyoajiriwa kuifanya.