Kompyuta ya Marehemu Ridha

Kioo kikageuka buluu tena, maandishi meupe yakamwagika, na kompyuta ikazima. Hind akaiwasha. Angefanya nini zaidi? Tangu asubuhi kazi yake ilikuwa hiyo, kuwasha na kulia, tumbo limegusa meza na mgongo unamkata.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya mumewe. Ridha aliumwa figo, na alipojua kwamba hatofika siku ya kumpokea mtoto wake, alikaa pale pale mezani, mbele ya kipaza sauti, akasoma adhana taratibu, kwa sauti ya chini, kama inavyosomwa kwenye sikio la mtoto mchanga. "Akizaliwa tu, mfungulie," alimwambia mkewe. "Nataka yangu ndiyo iwe ya mwanzo kuisikia." Haukupita muda wakamzika hapo Tumbe, na Hind akaingia eda, chumbani, mpaka atakapojifungua.

Baadaye kompyuta ikaanza uzito. Akaitwa Mmanga, fundi wa Konde, yule aliyekuwa akiwachapia kadi wanachama wa vyama vyote bila ya ubaguzi, kila mmoja akidhani Mmanga ni wake. Lakini mjane wa eda hakai na mwanamme asiye maharimu, kwa hivyo Mmanga aliwekewa kiti ukumbini, nyuma ya pazia. Na kompyuta kumtolea nje? Thubutu! Mlikuwa na picha za harusi ya Hind, nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka viwikoni. Picha kama hizo hapewi fundi wa dukani, hata awe mcha Mungu namna gani. Basi Mmanga akamtibu mgonjwa asiyemwona, na Bi Thuraiya, mamaake Ridha, akasimama mlangoni kupeleka maneno huku na huku.

"Asema dreva ya diski, ile programu ya kuiendesha, imezeeka," Bi Thuraiya alimwambia siku hiyo, akampa sidii. "Utie hii mpya, mashine itasoma upesi."

Hind akatia. Kwa kuwa hakuwa na hakika kama imeingia, akatia tena. Lau Mmanga angeitupia mashine jicho moja tu, angejua kwamba dreva ile ni ya kompyuta ya aina nyengine kabisa. Lakini aliona haya kuuliza, na Hind aliona haya kuonyesha. Tokea hapo ikawa mashine inawaka, inakaa kidogo, inakufa.

"Mwambie abonyeze F nane inapowaka," Mmanga alisema leo kutoka ukumbini.

"Ubonyeze F nane!" Bi Thuraiya akarudia, kana kwamba pazia ni ukuta wa ngome.

Hind akabonyeza. Kioo kikaja cheusi, maandishi makubwa pembeni, na safari hii mashine ikatulia. Moyo ukamruka. Akaitafuta adhana, akaifungua. Kimya.

"Haisemi! Mama, haisemi!"

"Huko haina sauti," Mmanga akajibu mwenyewe, heshima za pazia zishamtoka. "Ile ni hali ya salama, inawasha vitu vya lazima tu. Arudishe dreva ya zamani, kuna kitufe."

Hind akarudisha, akazima, akawasha. Buluu. Kumbe mashine hukumbuka dreva moja tu ya nyuma, na kwa kuwa ile mbovu aliitia mara mbili, iliyorudi ilikuwa ile ile mbovu. Ukumbini alimsikia Mmanga akijipiga paji la uso.

"Asiiguse tena," alisema. "Nakwenda Konde kuchukua flashi. Tutalitoa faili kwenye ile hali ya salama, inshallah." Pikipiki yake ikaondoka kwa kishindo.

Haijafika mbali uchungu ukamshika Hind. Akaja Bi Mwanawema, mkunga wa nyumba ya pili, akamtoa kwenye kiti kwa nguvu. "Wacha kisanduku hicho, ntoto yuaja!"

"Mwanangu," Bi Thuraiya akambembeleza, "tumwite Shehe wa nskitini aje aadhini. Adhana ni adhana."

"Sitaki sauti ya mtu mwengine!" Hind alipiga ukelele, na ukelele wenyewe haukuwa wa uchungu wa mtoto. Alimwomba Mungu amcheleweshe mtoto au amharakishe Mmanga. Mungu hakufanya lolote kati ya hayo. Mtoto alitoka, wa kike, mapafu mazima, na barabara ya Konde kimya.

"Mama, washa wewe. Nakuomba."

Tangu mwanawe azikwe, kila Hind alipoifungua sauti ile, Bi Thuraiya alikimbilia uani na kuziba masikio. Leo aliiwasha, akabonyeza alipoelekezwa, mara mbili. Kisha akampokea mtoto kwa Bi Mwanawema, akalisogeza sikio lake la kulia kwenye spika.

Ridha akaanza. Allahu Akbar, Allahu Akbar. Mtoto akanyamaza. Hind kitandani hakuthubutu kuvuta pumzi. Ikapita shahada ya kwanza, ikapita ya pili. Hayya ala-s-salah, akasema Ridha, na akaisema tena, na mwishoni mwake sauti ikanasa, ikawa inakwaruza pale pale kama msumeno kwenye msumari. Kioo kikawa buluu.

"Hata hii, ya Rabbi?" Hind akalia. "Hata hii usimwachie?"

Bi Thuraiya alikiangalia kile kioo. Kisha akamnyanyua mjukuu wake, akaweka mdomo kwenye sikio lile lile.

"Anza mwanzo, Bi Thuraiya," Bi Mwanawema akamnong'oneza. "Isome yote."

Bi Thuraiya akatikisa kichwa. "Ya mwanzo keshayasema babaake."

Akaendelea pale mwanawe alipoachia.