Fahamu ya Ignatio

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kupandisha malori yao hadi vijiji vya juu ya Litembo, Devotha alikuwa nyumbani akisomea mtihani wa marudio. Alikaa kando ya kichanja, mkono mmoja ukigeuza kahawa na wa pili ukigeuza kurasa. Somo lenyewe lilikuwa magonjwa ya ubongo na mfumo wa fahamu. Mara ya kwanza alilikariri kama litania, akaanguka. Chuo cha utabibu kilimwambia kwamba akianguka tena, asirudi.

Alikuwa amefika kwenye kifafa pale fahamu ya mdogo wake ilipoingia uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ignatio yuko wapi?"

"Ameanguka shambani kwa mzee Kilian, ndani ya shimo la ngolo, kati ya matuta."

Watu husema kila siku kwamba fulani amepoteza fahamu, na kitu kikipotea lazima kiwe mahali. Ya Ignatio siku hiyo ilikuja kwa dada yake. Ilifanana naye kwa kila kitu, ila shati lake lilikuwa safi, kwa kuwa yenyewe haikuanguka. Mama yao, Mama Otilia, aliisogezea kigoda, akaishukuru kwa kuja kusema, kisha akajifunga kanga kiunoni akatoka mbio kwenda kwa Kilian.

"Waliokuwa wakilima naye wanafanya nini?" Devotha aliuliza.

"Wamesimama. Wanamwombea, lakini wamesimama kule juu ya tuta."

Hilo nalo lilijulikana. Povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umo. Na akijamba karibu yako, hesabu umeshaupata ugonjwa. Watu hao hao walimpenda Ignatio, walimcheka alipotania, na kwenye sherehe walimkatia nyama nzuri. Ila akianguka, hakuna aliyemgusa mpaka aamke.

Tangu siku hiyo kila Ignatio alipoanguka, fahamu ilikuja kukaa kwenye kigoda. Ilimweleza Devotha mambo ambayo Ignatio mwenyewe hakuyakumbuka hata mara moja: jinsi inavyotangulia harufu ya kahawa inayoungua hata pasipo moto, jinsi taya zinavyofunga, mwili unavyokakamaa kisha unavyorusharusha mikono na miguu, na ule usingizi mzito unaofuata. Kitabu cha Kiingereza kilichokuwa kigumu kama kisiki kikaanza kupasuka. Mara nyingi maelezo yalikatika katikati ya neno na kigoda kikabaki kitupu; basi walijua Ignatio ameamka.

Devotha alishukuru sana, halafu akaona aibu kwamba anashukuru kwa maanguko ya mdogo wake.

"Usione haya, dada," fahamu ilimwambia. "Zamani nilikuwa nazurura tu huko mabondeni. Asante kwa kigoda."

Siku ya mtihani Devotha alikuwa mjini, mbali na nyumbani. Karatasi ilipogawiwa, fahamu iliingia ikakaa sakafuni karibu na dawati lake. Msimamizi, mwalimu Nathaniel, mtu wa Shinyanga asiyependa vurugu, alisogea.

"Huyu ana namba ya mtihani?"

"Hapana, mwalimu. Ni fahamu ya mdogo wangu."

"Basi isizungumze."

Haikuzungumza. Devotha hakuweza kujua Ignatio ameangukia wapi, majini au motoni, na hapakuwa na Mama Otilia wa kukimbia. Swali kubwa lilitaka aeleze namna ya kumhudumia mgonjwa aliyeshikwa na kifafa. Aliandika: msogeze mbali na moto na maji. Mgeuze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimwache peke yake. Aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, kana kwamba huko aliko Ignatio kuna mtu angesikia. Fahamu ilikaa muda mrefu kuliko siku zote. Alipomaliza ukurasa wa mwisho bado ilikuwepo, akawa anaiangalia huku machozi yanamlenga. Kengele ilipolia, sakafu ikawa tupu. Devotha akamshukuru Mungu kwa sauti, na mwalimu Nathaniel akamkanya.

Baadaye alisimuliwa. Ignatio alikuwa ameshuka ziwani Mbamba Bay kununua usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, akaangukia mchangani, mawimbi yakifika karibu na mdomo wake. Wauza usipa walisimama. Aliamka kwa sababu siku hiyo ziwa lilikuwa tulivu. Mama Otilia alilishukuru ziwa.

Devotha alifaulu, na neurolojia, somo lile la ubongo na fahamu, ndiyo iliyompa alama za juu kuliko masomo yote. Jumapili iliyofuata familia ilitoa sadaka ya shukrani. Wakati wanapeleka vipaji mbele, kwaya ikiimba, Ignatio aliangusha kikapu cha mahindi akaanguka nacho. Waumini walirudi nyuma wakaacha duara pana, bila kukatiza wimbo. Devotha alipiga magoti, akamgeuza kwa ubavu, akampangusa povu kwa ncha ya kitenge chake kipya. Padre alisubiri, kisha akaendelea. Ilikuwa misa nzuri.

Baada ya misa watu walijipanga nje kumpongeza mtabibu wao. Ignatio alikuwa bado amelala kwenye benchi, kichwa chake mapajani mwa mama. Mama mkubwa Kunigunda aliweka kuku chini, akamsukuma kwa mguu kuelekea kwa Devotha, ambaye kitenge chake kilikuwa bado na povu, akapiga vigelegele. Wengine waliacha mayai na maharage kwenye majani, wakasimama kule mbali na kupiga makofi. Furaha ilikuwa ya kweli, wengine walilia. Devotha aliwashukuru wote, na moyo wake ulikuwa umejaa.

Fahamu ya Ignatio ndiyo peke yake iliyomfuata hadi alipo, ikanyoosha mkono.

"Hongera, da—"

Kwenye benchi Ignatio alifumbua macho. Mkono wa Devotha ukabaki umenyooka hewani, na watu waliokuwa mbele yake, wakidhani ni wao anaowapa mkono, wakarudi nyuma kidogo, huku wakiendelea kumpigia makofi.