Siku Kumi na Moja kwenye Kable

Kutoka kompyuta ya Mama Emerance hadi kompyuta ya chumba cha pili ni hatua kumi na mbili. Kable ya mtandao imepita chini ya mlango na kushikizwa ukutani kwa misumari midogo. Emerance huwapiga picha wakimbizi wa kambini, huandika jina la kila mmoja kwenye programu ya kupanga picha, kisha hubonyeza kutuma. Upande wa pili mashini ya kuchapa kadi inasubiri.

Picha ya shefu wa biro, Édouard, mkuu wa ofisi hiyo, ilifika kwa sekunde moja. Za wageni waliokuja kwa ndege zilifika kabla Emerance hajainua kidole. Lakini za watu wa kambini zilikuwa na mstari wa kijani, ule wa kuonyesha picha imefika wapi, uliosogea kidogo asubuhi, ukasimama mchana jua lilipokuwa kali, ukasogea tena jioni.

Salomon, fundi wa mitandao, aliitwa Jumanne. Alibadilisha kable. Alifungua kisanduku cha kugawa mtandao, akakipuliza vumbi. Alipunguza ukubwa wa picha. Mwisho alizinakili kwenye flashi, akatembea nayo zile hatua kumi na mbili, akaikuta tupu.

"Mama Emerance, kable iko nzima. Niliipima mara tatu. Hawa bantu walitoka wapi?"

"Nyunzu."

"Kwa gari?"

"Gari gani, Papa Salomon? Nani aliwabeba? Walifuata reli na miguu, siku kumi na moja."

Salomon alihesabu kwa vidole, akatazama mstari wa kijani. "Basi njo vile," alisema. "Picha zao ziko njiani."

Tangu siku ile aliinua mguu kila alipovuka kable. Emerance aliweka kikombe cha maji mlangoni, pale inapopita. Jioni alikikuta kitupu, akakijaza.

Philomène alikuwa amepigwa picha Jumatatu. Alikuwa mama mzee, peke yake, na kitambaa cha bluu kichwani. Kambi ingebomolewa mwisho wa mwezi. Mwenye kadi angepewa kiwanja na mabati. Asiye nayo angejitafutia pa kwenda. Orodha ya kadi ingefungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri. Kwa hiyo Philomène alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi na kuuliza swali lile lile.

"Nimefika wapi?"

Asubuhi moja Emerance alifungua programu na kuitazama picha. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kwa vumbi, na nyuma yake palionekana reli na daraja.

"Unaenda muzuri, mama. Umefika kwenye daraja."

"Ile ya chuma?"

"Njo ile."

Philomène alikaza kitambaa chake. "Pale nitachelewa," alisema.

Mstari wa kijani ulisimama kwenye daraja siku nzima na nusu. Salomon alitaka kuzima mashini na kuiwasha upya. Emerance alimshika mkono.

"Muache. Ako na kazi pale."

Ijumaa ile ya kufunga orodha, saa tisa na nusu, picha ya Philomène ilifika chumba cha pili. Uso ulikuwa umekonda na midomo imepasuka. Begani kulikuwa na fundo la kitenge ambalo siku ya kupiga picha halikuwepo, na nyuma ya sikio kilionekana kichwa kidogo kimelala.

"Nadine," alisema Philomène, aliyeitwa ndani aione.

Édouard aliitwa. Alivaa miwani, akatazama kwa makini kama anavyotazama karatasi zote.

"Picha ya kadi ni ya muntu mumoja, mama."

"Ni mujukuu yangu."

"Yeye ako wapi?"

"Alinifia kwenye daraja. Nilimufunika na majani, nikamuacha. Bunduki zilikuwa nyuma yetu."

Édouard si muntu mubaya. Alisukuma kiti chake mwenyewe, akamkalisha Philomène, akaomba aletewe maji. Kisha alieleza kwa upole kwamba mashini haiwezi kukubali nyuso mbili.

"Tupige ingine," alisema Emerance.

"Itaanza tena Nyunzu," alisema Salomon.

Ilikuwa imebaki robo saa. Édouard aliinama kwenye kioo na kuonyesha kwa kalamu.

"Kuna makasi humu ndani ya programu. Tumukate tu hapa, karibu na sikio. Hata haitaonekana."

Ilikuwa kweli. Kukata kulikuwa kazi ya sekunde moja, kwa picha ya muntu yeyote, hata aliyekuja kwa miguu. Emerance aliweka mkono kwenye kipanya na hakubonyeza. Alimtazama Philomène.

Philomène aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Analala," alisema.

"Ndiyo, mama. Analala muzuri."

"Zamani alikuwa anasumbua sana kulala." Alifuta kioo kwa ncha ya kitenge chake, pale kwenye kichwa kidogo. "Shefu, nilisha kumuacha mara moja. Ile ilitosha."

Saa kumi ilifika. Édouard alisubiri dakika tano zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kanuni, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Kisha akaifunga orodha. Emerance alimsindikiza Philomène hadi barabarani, amemshikia mwavuli, maana jua lilikuwa bado kali.

Jumatatu orodha ilibandikwa mlangoni. Jina la Philomène halikuwemo. Emerance alijaza kikombe cha maji, na kando yake akaweka kingine kidogo, cha plastiki.

Salomon alileta ripoti ya kazi yake, karatasi moja. Aliandika kwamba kable ni nzima, kompyuta zote mbili ni nzima, na mtandao hauna kasoro yoyote. Édouard aliisoma, akatia saini, akapiga muhuri.