Siku Karisa Alipokalia Mbuzi

Jumapili ya Wanaume inapofika, wanawake wa kanisa la Magogoni hukatazwa kabisa kusogelea jiko. Wao hukaa ndani wakaimba na kusali kwa raha zao, na wanaume hubaki nyuma ya kanisa kupika chakula cha wote. Desturi hii ina miaka sita sasa. Katika miaka hiyo wanawake wamekula wali mbichi mara mbili, wali ulioungua mara tatu, na mwaka mmoja mkate na soda, kwa sababu sufuria ilipinduka. Hawalalamiki. Mwanamume aliyetokwa na machozi ya vitunguu kwa ajili yako anastahili asante, hata kama wali unaliza meno.

Mama Kafedha hukaa benchi la mwisho, karibu na dirisha la nyuma, kwa sababu ya magoti yake. Kutoka hapo huona jikoni kote. Mwaka huu alikuwa ameazima wanaume mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, aliyopewa siku ya harusi yake. Alikuwa na hamu ya kuona ni nani atakayeikalia, maana pwani nzima kukuna nazi ni kazi ya wanawake.

Lakini moyo wake haukutulia. Tangu Pasaka, mwenyekiti wa wanaume, Charo, na katibu wake, Wafula, walikuwa hawaelewani. Ugomvi huo ulianzia wapi hakuna aliyekumbuka vizuri. Wengine walisema viti, wengine walisema kipaza sauti. Charo ni fundi mwashi, mwana wa mdogo wake Mama Kafedha, mtu wa maneno mengi. Wafula ni mlinzi katika kiwanda kimoja cha Changamwe, mtu wa bara, na maneno yake machache yana miiba. Kidogo kidogo watu wa pwani wakawa wanakaa kulia kanisani na wa bara kushoto. Mwishowe Wafula akapata chumba juu ya duka moja kule barabara ya Malindi, na ufunguo wake ukawa mfukoni mwake. Mambo yasipotengenea, Jumapili ijayo watu wa bara wataanza kusali huko.

Haya yote yalikuwa yakimgusa Mama Kafedha ndani ya nyumba yake. Mwanawe Karisa ni mtu wa pwani, binamu yake Charo. Mkewe Karisa, Nduku, ni wa Ukambani, na ndiye anayeongoza kwaya. Ijumaa mchana Nduku alikuwa akimkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto, akasema polepole, "Mama, wenzangu wakiondoka na mimi itabidi niondoke. Si kwa kupenda." Akaendelea kukanda, kwa upole uleule. Mama Kafedha alikuwa akiwaza wajukuu wake siku ya Jumapili mlangoni, huyu amshike baba mkono, huyu amshike mama.

Na kulikuwa na hofu nyingine, ya zamani zaidi. Karisa ni kuli wa bandarini, na mkono wake mmoja ni kama paja la mtu mwingine. Kabla hajaokoka, mikono ile ilikuwa haimsubiri mtu amalize kusema. Mama Kafedha aliloweka mashati ya baba yake Karisa yenye damu, kisha akaloweka ya Karisa. Miaka minne sasa hajaloweka shati. Kila alfajiri humsikia mwanawe akisali ng'ambo ya ukuta, sala fupi, "Bwana, nishikie mikono hii leo." Basi anakunywa chai, anaenda kazini.

Jumapili hiyo Mchungaji Munga alikuwa amefika katikati ya mahubiri, jinsi Bwana alivyojifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, sauti za nje zilipoanza kupanda.

"Sufuria hii ni ya wali," alisema Charo. "Imepikiwa wali tangu inunuliwe. Ukiisongea ugali itakataa."

"Kwani sufuria ina kabila?" akauliza Wafula. Alikuwa ameshika mwiko mkubwa kama kasia. "Mtu amesimama getini usiku kucha, halafu umlishe wali? Wali ni hewa. Akifika steji ya matatu ana njaa tena."

"Ulikuja huku na begi moja, tukakupokea. Leo unatufundisha kula?"

"Nilikuja kufanya kazi. Kuna wengine wamezaliwa hapahapa na hawajaianza."

Wanaume waliokuwa wakikata vitunguu waliacha kukata. Wa pwani wakasogea upande wa Charo, wa bara wakasogea upande wa Wafula, na katikati ikabaki sufuria.

"Karisa!" Charo akaita. "Umenyamaza kama gunia. Huyu anatutukana sote. Wewe mwanamume au pazia? Simama!"

"Mwache," akasema Wafula. "Mkewe ni wetu. Karisa, hebu waambie kwako mnapika nini."

Ndani, Nduku alisikia jina la mumewe akageuka. Mama Kafedha akashika chuma cha dirisha.

Karisa alisimama. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akaenda hadi ukutani, akaichukua mbuzi ya mama yake, akaikunjua, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaikalia. Mbuzi ikalia kwa uzito. Akachukua kipande cha nazi iliyopasuliwa, akaanza kukuna.

Kwanza hakuna aliyeamini. Halafu kicheko kikalipuka.

"Jamani, Karisa amekalia mbuzi!"

"Mleteeni leso ajifunge kiunoni!"

"Wallahi, nimeona mengi, lakini hili!" akasema Charo.

"Charo, leo Jumapili," akasema Mama Kafedha dirishani, kabla hajajizuia.

"Naam, mama mkubwa. Nisamehe."

Wafula naye alicheka mpaka akajishikiza kwa mwiko. "Kwetu hata hatuna hicho kidude," akasema, "lakini hata mimi najua si cha wanaume."

"Hapo umesema kweli," Charo akajibu, na wote wawili wakashtuka, maana lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu Pasaka.

Karisa alicheka pamoja nao. Chembe za nazi zilikuwa zikimrukia suruali yake nyeusi ya Jumapili. "Chekeni," akasema. "Lakini nazi zilizobaki ni ishirini na tano, na mimi nina mikono miwili. Charo, nipasulie. Wafula, utakamua tui. Tutapika wali kwanza, na nyama tutaitia nazi. Wali ukishaiva, tunaosha sufuria, tunasonga ugali, nao utaliwa ungali moto. Kila mtu ale anachotaka."

"Nani amekuuliza wewe?" akasema Charo, lakini bila nguvu.

Wafula, kwa kuonyesha kwamba yuko tayari, akaiokota nazi mwenyewe. Alikuwa hajawahi kupasua nazi maishani mwake. Aliiinua juu kwa mikono miwili akaibamiza kwenye jiwe la jiko. Nazi ikapasuka vipande vitano, na maji yote yakaruka kifuani kwa Charo, kwenye shati jeupe ambalo mkewe alikuwa amelipiga pasi asubuhi ileile.

"Umenifanyia makusudi!"

Mkono wa Charo ulikwisha kuondoka. Karisa, kwa ukubwa wake wote, alikuwa amesimama kati yao kabla mtu hajajua ameinuka saa ngapi. Kofi likamwangukia yeye shavuni, likalia hadi ndani ya kanisa. Mchungaji Munga akanyamaza katikati ya neno.

Mama Kafedha akafumba macho. Alijua kitakachofuata, kwa sababu alikuwa amekisikia miaka mingi ndani ya nyumba yake. Huanza kimya. Kisha kigoda huanguka. Akangoja asikie kigoda kikianguka.

Akasikia mbuzi ikilia kwa uzito, halafu nazi ikikunwa.

Alipofumbua macho, Karisa alikuwa amekaa tena, alama ya vidole vinne ikiwa shavuni. Mkono wake ulikuwa umeikaza nazi, ukaikaza zaidi, mpaka kifuu kikapasuka ndani ya kiganja. Karisa akakitazama, akakiweka kando, akachukua kingine.

"Hiyo imekwisha," akasema. "Nazi sasa ishirini na nne."

Charo alikuwa akikitazama kile kifuu. "Karisa," akasema. "Ndugu yangu. Mimi..."

"Nipasulie, Charo. Na mwonyeshe mwenzako, maana atatumalizia nazi."

"Sikukusudia, Charo," akasema Wafula. "Haki ya Mungu. Sijui kupasua."

"Naona hujui. Umeiua kama nyoka." Charo akaokota panga, akaligeuza upande usio na makali. "Njoo hapa. Unaishika hivi. Unaigonga katikati, unaizungusha, unaigonga tena. Polepole. Yenyewe itajifungua. Usitumie nguvu."

"Bila nguvu?"

"Nguvu utazitumia kwenye tui."

Mchungaji Munga akachungulia mlango wa nyuma. "Kuna nini huko?"

"Tunapika, mchungaji," wakajibu wanaume wote kwa pamoja, kama watoto wa shule. Naye, ambaye ana busara zake, akarudi kuhubiri.

Chakula kilichelewa saa moja. Wafula alikamua tui kwa bidii ya mtu anayekamua nguo, akachanganya zito na jepesi katika beseni moja, na Charo hakugundua mpaka wali ulipokuwa umekwisha kuwa bokoboko. Ugali ulikuwa na madonge. Lakini ile nyama ya nazi, hata Mama Kafedha aliomba kuongezwa. Charo alionekana akila ugali nyuma ya tangi la maji, akimwomba kila aliyepita asimwambie Wafula. Mabenchi yalitolewa nje, na kwa kuwa sahani zilikuja kwa zamu, watu walikaa palipopatikana nafasi. Kulia na kushoto hakukujulikana tena.

Nduku alikuja na soda baridi, hakuinywa. Aliiweka kwenye shavu la mumewe, akaishikilia hapo.

"Yauma?"

"Kidogo."

"Mkono ulitaka kurudisha?"

"Ulitaka sana," akasema Karisa. "Nikaupa nazi."

Nduku akacheka, huku macho yamemjaa machozi. Mama Kafedha, aliyekuwa amekaa karibu, akajifanya anatafuta kitu katika mkoba wake.

Ikaonekana kwamba kifungulio cha soda kimesahauliwa. Watu wakaanza kutafuta meno yenye nguvu. Wafula akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wake, akaanza kufungulia nao chupa moja baada ya nyingine: ya Mama Kafedha kwanza, kisha za watoto, kisha za kwaya. Charo alingoja mpaka mwisho, halafu akanyoosha chupa yake bila kusema kitu. Wafula akaifungua, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akamrudishia.

Alipomaliza, aliutazama ule ufunguo kidogo, akampa Karisa.

"Wewe kesho unapita pale ukienda kazini," akasema. "Mrudishie mwenye chumba. Mwambie hatutakihitaji."

Nduku aliondoa soda shavuni mwa mumewe, akaifungua kwa ufunguo uleule, akainywa sasa, nusu nzima kwa mkupuo mmoja.

Saa ya kwenda nyumbani ilipofika, Mama Kafedha aliuliza nani atamsaidia kubeba mbuzi yake. Karisa akainama kuichukua, lakini Charo akamtangulia. Mtu mmoja akamletea gunia aifunike njiani, watu wasimwone. Charo akalitazama lile gunia, akamrudishia mwenyewe.

"Sihitaji," akasema.

Akaiweka mbuzi begani na shati lake lenye madoa ya nazi, akatangulia mbele, barabara nzima ya Magogoni, akimwitikia kila aliyecheka.